Kushika Kabla ya Kusogea: Mwongozo wa Kuunda Magari ya Roboti ya Kubeba Mizigo Mizito Melini

UTANGULIZI

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahandisi, mafundi mchundo, maofisa wa meli, maserahangi na wasimamizi wa upakiaji wanaobuni, wanaonunua au wanaoendesha magari ya roboti ndani ya meli. Gari la roboti, kwa maana ya mwongozo huu, ni gari lisilo na dereva aliyeketi juu yake, liwe linajiongoza lenyewe au linaongozwa kutoka mbali, ambalo kazi yake ni kusogeza mzigo usiobebeka kwa mikono: pampu, mota, mapipa ya mafuta, kreti za vipuri, na kwenye meli za kivita, makombora na mabomu.

Bandarini, magari ya aina hii si mageni. Gati la Delta mjini Rotterdam, Uholanzi, lilianza kuyatumia kubeba makontena mwaka 1993. Lakini uwanja wa bandari haupandi wala haushuki. Ndani ya meli, sakafu yenyewe ni chombo kinachosafiri. Neno mrama, ambalo leo tunalitumia kwa kila jambo lililoharibika, asili yake ni huko huko baharini: ni kuyumba kwa chombo.

Kwa hiyo kanuni moja inatawala kurasa zote zinazofuata: kushika kabla ya kusogea. Nchi kavu, roboti ikizimwa hatari hupungua. Melini, roboti iliyozimwa bila kushikwa ni tani kadhaa za chuma zilizopandishwa juu ya magurudumu, zikingoja wimbi.

1. MAFUNZO YA WALIOTANGULIA

1.1 Gurudumu la Ilon. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi wa Uswidi Bengt Ilon, akifanya kazi katika kampuni ya Mecanum, alibuni gurudumu lenye rola ndogo zilizopangwa kuzunguka ukingo wake kwa mshazari wa nyuzi 45. Alipata hataza ya Marekani mwaka 1975. Gari lenye magurudumu manne ya namna hii, kila moja na mota yake, huenda mbele, nyuma, ubavuni na kujizungusha papo hapo bila kukata kona. Katika miaka ya 1980 Jeshi la Majini la Marekani lilichukua haki za ubunifu huo, na watafiti wake wa Panama City, Florida, wakaufanyia kazi. Sababu iko wazi kwa kila aliyewahi kushuka ngamani: melini hakuna nafasi ya kugeuza gari.

1.2 Lifti za USS Gerald R. Ford. Meli hii ya kubeba ndege ilikabidhiwa kwa Jeshi la Majini la Marekani mwaka 2017 ikiwa na lifti 11 za silaha zinazoendeshwa kwa mota za sumaku-umeme badala ya kamba za chuma. Siku ya makabidhiano hakuna hata lifti moja iliyokuwa imethibitishwa kufanya kazi. Ya mwisho ilikamilika Desemba 2021. Teknolojia mpya ilifungwa ndani ya meli kabla ya kukomaa, na kila kasoro ikalazimika kurekebishwa mahali palipo pafinyu na ghali zaidi kuliko pote. Baadaye kituo cha majaribio ya lifti hizo kilijengwa nchi kavu, mjini Philadelphia.

1.3 Ghala la HMS Queen Elizabeth. Uingereza ilifuata njia nyingine. Katika meli hii iliyoingia jeshini Desemba 2017, mizigo ya silaha husogezwa ghalani na vibebeo vya umeme vinavyopita kwenye njia maalumu zilizojengwa sakafuni. Wazo lilitokana na maghala ya kisasa ya nchi kavu. Kibebeo kinachopita njiani mwake hupoteza uhuru wa kwenda popote, lakini hupata kitu cha kukishika meli inapolala upande.

1.4 Fundisho. Uhuru wa kusogea una gharama, na gharama yake ni mshiko. Mbuni aamue mapema anahitaji uhuru kiasi gani, kisha alipie mshiko wake kwa ukamilifu.

2. ANZA NA KAZI, SI NA MASHINE

Kabla ya mchoro wowote kuchorwa, timu iandike majibu ya maswali haya:

(a) Mzigo ni upi, una uzito gani, na kitovu chake cha uzito kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni?
(b) Njia ni ipi kutoka mwanzo hadi mwisho? Pima upana wa kila mlango, kimo cha kila kizingiti na mwinuko wa kila rampu. Usitegemee michoro ya meli peke yake. Meli kongwe huwa na mabomba yaliyoongezwa baadaye ambayo hayamo mchoroni.
(c) Kazi itafanyika meli ikiwa gatini, ikiwa imetia nanga, au ikiwa safarini?
(d) Leo kazi hii inafanywaje, na nani? Keti na makuli, serahangi na mafundi wa injini. Wanajua sitaha inateleza wapi mvua ikinyesha, na kona ipi imeshawahi kubana mtu.
(e) Je, kreni, winchi, toroli au reli ya juu haiwezi kuifanya kazi hiyo kwa usalama ule ule?

Swali la mwisho lijibiwe kwa uaminifu. Kila chombo na wimbi lake: roboti inayofaa meli ya magari inaweza isifae kabisa meli ndogo ya pwani.

3. HESABU YA MSHIKO

3.1 Kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) kuhusu upakiaji na ufungaji salama wa shehena, zinazojulikana kama CSS, hutoa vipimo vya msuguano vya kutumia katika hesabu:

- Mbao juu ya mbao, kavu au zilizolowa: 0.4
- Chuma juu ya mbao, au chuma juu ya raba: 0.3
- Chuma juu ya chuma, kavu: 0.1
- Chuma juu ya chuma, kikiwa na maji: 0.0

Mstari wa mwisho usomwe mara mbili. Chuma kilicholowa juu ya chuma hakihesabiwi kuwa na mshiko wowote.

3.2 Chukua mfano wa gari na mzigo wake vyenye jumla ya tani 4, magurudumu ya raba, sitaha ya chuma. Sitaha ikilala nyuzi 10, uzito unaolivuta gari kuteremka ni takriban kilo 700. Ikilala nyuzi 15, ni zaidi ya kilo 1,000. Ikifika nyuzi 17, mvuto huo unakuwa umeushinda mshiko wa raba, na gari linateleza hata kama magurudumu yote manne yamefungwa breki.

3.3 Hapo tumehesabu magurudumu manne. Gari lenye breki kwenye magurudumu mawili tu, ambayo yanabeba nusu ya uzito, hubaki na nusu ya mshiko na kuanza kuteleza kwenye nyuzi 8 au 9. Kwa hiyo kila gurudumu liwe na breki yake.

3.4 Magurudumu ya Ilon yanahitaji tahadhari ya ziada ambayo wanunuzi wengi huikosa. Ukifunga kitovu cha gurudumu, rola zake bado ziko huru kuzunguka. Kila gurudumu hushika kwa mshazari mmoja tu, na mshiko wa gari zima, iwe kwa mbele au kwa ubavu, hushuka hadi kama asilimia 70 ya mshiko wa magurudumu ya kawaida. Gari lile lile la tani 4 sasa linateleza kwenye nyuzi 12. Na gurudumu moja likiinuka sakafuni kwa sababu sitaha ina tuta, mizani ya mishazari huvunjika na gari linaweza kujizungusha lenyewe.

3.5 Hesabu hizi zinachukulia kuwa meli imelala tu. Meli halisi pia hupanda, hushuka na kusukuma kwa ubavu. Ikishuka, gari huwa jepesi kwa muda na mshiko hupungua. Kadiri sitaha ilivyo juu na mbali na katikati ya meli, ndivyo msukumo unavyozidi. Kwa hiyo kikomo cha kazi kisizidi nusu ya pembe ya kuteleza: nyuzi 8 kwa magurudumu ya raba, nyuzi 6 kwa magurudumu ya Ilon. Mrama upimwe kwenye sitaha yenyewe ya kazi. Kipimo kilichoko chumba cha nahodha hakitoshi.

3.6 Kagua pia kupinduka. Gawanya nusu ya upana wa magurudumu kwa kimo cha kitovu cha uzito; jibu ni tanjenti ya pembe ya kupinduka. Gari lenye upana wa mita 1.6 na kitovu cha uzito kilichoko mita 1.5 juu litapinduka kwenye nyuzi 28 likiwa limetulia, na mapema zaidi likiwa linapinda au linafunga breki. Mzigo ubebwe chini iwezekanavyo. Majukwaa ya kuinua yabaki chini wakati wote wa safari.

4. BREKI NA VIFAA VYA KUSHIKA

4.1 Breki ziwe za springi: springi hufunga, umeme hufungua. Umeme ukikatika, waya ukinyofoka au kompyuta ikiganda, gari lijifunge lenyewe bila kungoja amri.

4.2 Gari liwe na miguu ya kushusha yenye soli za raba, inayopokea uzito kutoka kwenye magurudumu gari linaposimama kwa zaidi ya dakika chache. Kwa magari ya magurudumu ya Ilon, sharti hili halina msamaha.

4.3 Chasisi iwe na pete za kufungia minyororo kila pembe, zenye nguvu iliyopimwa na kuandikwa. Kwa makadirio ya haraka, kanuni za CSS zinataka jumla ya nguvu za vifungo vya kila upande, kulia na kushoto, isipungue uzito wa mzigo wenyewe. Gari la tani 4 lihesabiwe kwa tani 4 kila upande.

4.4 Mzigo ufungwe kwenye gari kabla gari halijafunguliwa kutoka sitahani. Mwishoni mwa safari mpangilio ugeuzwe: gari lifungwe kwenye sitaha kwanza, ndipo mzigo ufunguliwe. Programu ya gari isikubali kuwasha mota kama vihisio vya vifungo vya mzigo havijathibitisha.

4.5 Kitufe cha dharura kifunge breki na kushusha miguu kwa wakati mmoja. Kukata umeme wa mota peke yake hakutoshi.

5. ROBOTI IJUE IKO WAPI MELINI

5.1 Wahandisi wanaotoka viwandani hukosea hapa zaidi ya mahali pengine. Mawimbi ya setilaiti hayafiki ngamani. Dira ya sumaku haina maana ndani ya sanduku la chuma. Mawimbi ya redio hukatishwa na kuta za chuma, kwa hiyo mawasiliano yanayofanya vizuri sitaha ya juu yanaweza kufa hatua kumi baada ya mlango.

5.2 Gyro nayo hudanganya. Meli ikigeuka nyuzi 90 kuingia bandarini, gyro ya roboti iliyosimama itasema roboti imegeuka nyuzi 90, ingawa haijasogea hata sentimita moja. Roboti ikiiamini, itajaribu kujirekebisha na kuugonga ukuta. Dawa yake ni kufunga gyro ya pili kwenye mwili wa meli, kisha programu itoe mwendo wa meli kutoka kwenye mwendo uliopimwa na roboti. Kinachobaki ndicho mwendo wa roboti yenyewe.

5.3 Kuhesabu mizunguko ya magurudumu hakutoshi, hasa kwa magurudumu ya Ilon ambayo huteleza kidogo kwa asili yake. Weka alama za kusomwa na kamera kwenye kuta na nguzo, karibu karibu kiasi kwamba roboti iione angalau moja kila wakati. Zilindwe dhidi ya rangi: mabaharia hupaka rangi bila kuchoka, na alama iliyopakwa rangi ni njia iliyofutwa.

5.4 Leza za kupimia umbali huchanganywa na chuma kinachong'aa na sakafu yenye maji. Zitumike pamoja na kamera na ukingo wa kugusa unaolisimamisha gari mara linapogusa kitu.

5.5 Mawasiliano yakikatika, au roboti isipokuwa na hakika iko wapi, isiendelee kwa kubahatisha. Isimame, ijishike kama kifungu cha 4.5 kinavyosema, na iite mtu kwa king'ora na taa.

6. SITAHA NA UTHABITI WA MELI

6.1 Kila sitaha ina kikomo cha tani kwa mita ya mraba na kikomo cha uzito kwa ekseli. Viko kwenye nyaraka za meli. Kumbuka kwamba rola ya gurudumu la Ilon hugusa sakafu kwa eneo dogo sana, na sitaha ikiwa na matuta na mabonde, magurudumu mawili ya mshazari yanaweza kubeba karibu uzito wote. Fanya hesabu kwa hali hiyo.

6.2 Mzigo unaosogea hubadilisha mlalo wa meli. Zidisha uzito wa mzigo kwa umbali uliosogezwa kuelekea ubavuni, kisha gawanya kwa uzito wote wa meli uliozidishwa kwa kimo cha metasenta, ambacho mabaharia hukiita GM. Jibu ni tanjenti ya pembe ya mlalo. Mzigo wa tani 5 ukisogezwa mita 12 kwenye meli ya tani 20,000 yenye GM ya mita 1, meli italala chini ya robo ya nyuzi. Mzigo huo huo kwenye chombo cha tani 600 chenye GM ya mita 0.8 utakilaza nyuzi 7. Hapo kikomo cha nyuzi 6 kilichowekwa kwa magurudumu ya Ilon katika kifungu cha 3.5 kimekwishavukwa, na roboti ndiyo iliyokivuka kwa kazi yake yenyewe.

6.3 Kwa vyombo vidogo vya pwani na vya maziwa, hesabu hii ifanywe na ofisa wa meli kabla ya kila mzigo. Meli zinazobeba mabehewa ya reli, kama MV Umoja katika Ziwa Victoria, zina tatizo la jamii hiyo hiyo: uzito mkubwa unaoingia kwa magurudumu, na mizani ya kulia na kushoto isiyosamehe haraka. Maji ya farumi yapangwe kabla mzigo haujaanza kusogea.

7. MOTO, CHUMVI NA HEWA YA HATARI

7.1 Betri za lithiamu zikipata joto la kupindukia hutoa gesi zenye sumu na zinazowaka, na zinaweza kuwaka upya baada ya kuzimwa. Betri za asidi hutoa haidrojeni zinapochajiwa. Chaji ifanyike sehemu moja iliyotengwa, yenye kupitisha hewa, yenye kihisio cha moto na maji mengi ya kupoozea, nayo ionyeshwe kwenye mpango wa meli wa kuzima moto.

7.2 Gari lisiingie penye mvuke wa mafuta au gesi kama vifaa vyake vya umeme havijathibitishwa kwa viwango vya IEC 60079. Cheti cha kuzuia maji hakitoshi: IP67 humaanisha kifaa kimezuia vumbi na kuzama mita moja kwa dakika 30, na hakisemi lolote kuhusu cheche.

7.3 Chumvi hula mahali metali mbili tofauti zinapokutana. Bolti za chuma kisichoshika kutu kwenye chasisi ya alumini zitenganishwe kwa bushi na washa za plastiki. Beringi za rola zioshwe kwa maji baridi na kupakwa grisi kwa ratiba, si kwa kusikia zikilia.

8. NANI ANAAMURU

8.1 Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila safari ya roboti iwe na msimamizi mmoja aliyetajwa kwa jina kwenye kibali cha kazi. Yeye ndiye anayeruhusu kuanza. Kusimamisha, hata hivyo, ni haki ya kila mtu aliyepo, kuanzia nahodha hadi kuli wa siku yake ya kwanza, na asiulizwe kwa nini kabla gari halijashikwa.

8.2 Hakuna mtu anayekaa upande wa mteremko wa gari, wala kati ya gari na ukuta. Njia iwekewe uzio wa muda.

8.3 Ofisa wa zamu aliye juu ajulishwe kabla ya roboti kuanza, na asigeuze meli wala kubadili mwendo bila kuwaarifu walioko chini.

8.4 Wafanyakazi wafundishwe kwa lugha wanayoizungumza kazini. Maonyo ya sauti na maandishi ya gari yawe katika lugha hiyo. Wanaopoteza kazi ya kusukuma wapewe nafasi ya kwanza ya kujifunza kuendesha na kutengeneza. Ujuzi wao wa sitaha haununuliki.

8.5 Vifaa vya kuinua vilivyomo kwenye gari au vinavyolihudumia vikaguliwe na kuandikishwa. Tangu tarehe 1 Januari 2026, kanuni mpya za mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini (SOLAS) kuhusu vifaa vya kuinua vya melini zimeanza kutumika. Kwa magari yenyewe, kiwango cha ISO 3691-4 kuhusu magari ya viwandani yasiyo na dereva ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa kiliandikwa kwa kuifikiria sakafu isiyoyumba. Mamlaka za nchi, kama Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kwa Tanzania Bara na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, zishirikishwe mapema, kabla ya fedha kutumika.

9. MAJARIBIO KWA HATUA

Hatua ya kwanza: karakana, sakafu bapa, mzigo wa mfano. Thibitisha mwendo na kitufe cha dharura.

Hatua ya pili: jukwaa linaloinama, nchi kavu, lenye sakafu ya bamba la chuma lililopakwa rangi ile ile ya sitaha. Inamisha gari likiwa na mzigo kamili hadi liteleze, kwanza kavu, kisha kwa maji, kisha kwa maji yenye mafuta. Pembe zilizopatikana ndizo zitumike badala ya makadirio ya kifungu cha 3, iwapo ni ndogo zaidi.

Hatua ya tatu: jukwaa linaloyumba. Zima umeme katikati ya safari. Kata mawasiliano. Funika alama moja. Pima sekunde ngapi gari linatumia kujishika.

Hatua ya nne: melini, gatini, bila mzigo, kisha na nusu ya mzigo, kisha mzigo kamili.

Hatua ya tano: baharini, siku ya bahari shwari, kwa kikomo cha nusu ya kile kilichothibitishwa.

Hatua isirukwe kwa sababu meli ina haraka ya kuondoka. Lifti za USS Gerald R. Ford zilichukua miaka minne na zaidi baada ya makabidhiano, na kasoro zake zikarekebishwa ndani ya meli badala ya nchi kavu.

10. UKAGUZI KABLA YA KILA ZAMU

- Mrama umepimwa kwenye sitaha ya kazi na uko chini ya kikomo.
- Sakafu imefagiwa; hakuna maji, mafuta wala nati zilizodondoka njiani.
- Breki ya kila gurudumu imejaribiwa peke yake.
- Miguu ya kushusha inashuka umeme ukikatwa.
- Minyororo na pete hazina ufa wala kutu ya kina.
- Alama za kuongozea zinaonekana zote.
- Hesabu ya mlalo wa meli imesainiwa.
- Ofisa wa zamu amejulishwa, na msimamizi mmoja ametajwa kwenye kibali.

Kipengele kimoja kikikosekana, kazi isianze.

HITIMISHO

Wauzaji watakuonyesha jinsi gari lao linavyobeba, linavyojigeuza na linavyokwenda ubavuni kama kaa. Waache wamalize. Kisha waombe walipakie mzigo kamili, walipandishe kwenye bamba la chuma lililolowa, wazime umeme, na wainamishe bamba. Gari lililothibitishwa kubeba lakini halijathibitishwa kushika lisipandishwe melini.